Uzi: Matangazo yanasomwa kila Dominika, mbona waamini hawana habari? Mawasiliano ya parokia na vyama vya kitume

Mtunza_Ubao (mleta uzi)

Tumsifu Yesu Kristo, wakuu.

Uzi huu ni wa wanaobeba mawasiliano ya parokia, au "masoko" kama wengine wanavyoyaita: makatibu wa ofisi, makatekista, viongozi wa vyama vya kitume, vijana mnaoshika simu ya ukurasa, na maparoko mnaopita humu kimyakimya. Naweka msingi, nyie ongezeni au pingeni.

Parokia ikiona watu hawaji kwenye semina, mtu wa kwanza kusimama kikaoni atasema "tufungue ukurasa". Kumbe ugonjwa uko kwingine: habari moja ina matoleo matatu. Ubao unasema saa 8 mchana, kundi la WhatsApp linasema saa 9, ofisini ukipiga simu unaambiwa "ngoja tumuulize mwenyekiti". Muumini akichanganywa hivyo mara mbili, ya tatu hajisumbui. Ukimfungulia ukurasa mpya hapo, umempa toleo la nne.

Kwa hiyo kabla ya chombo chochote, weka daftari moja la matangazo. La karatasi au la kompyuta, vyovyote, ila liwe moja. Kila tangazo lijazwe mambo saba: linamhusu nani, ni nini, wapi, siku na tarehe, saa, anatakiwa afanye nini, na amuulize nani kwa namba ipi. Likikosa hata moja halipokelewi, hata kama limeletwa na mwenyekiti wa baraza. Mwisho wa kupokea ni Alhamisi jioni. Ijumaa mhariri (mtu mmoja, si kamati) anayaandika upya, paroko anayapitia, na kuanzia hapo msomaji wa Misa, ubao, simu na jumuiya ndogondogo za mitaani wanachota maneno yaleyale. Likibadilika, linabadilishwa daftarini kwanza.

Uandishi wenyewe nao una kasoro yake. Tangazo la kawaida huwa hivi:

"Wazazi wote wenye watoto wanaotarajia kupokea Komunyo ya Kwanza mnaombwa kufika ofisini kwa ajili ya kukamilisha taratibu mbalimbali kwa wakati."

Watoto wa umri gani? Taratibu zipi? Wakati upi? Kila mzazi anajiona hahusiki. Liandike hivi:

"Mzazi mwenye mtoto anayeanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza mwaka huu: fika ofisi ya parokia Jumamosi hii, kati ya saa 3 asubuhi na saa 6 mchana, ukiwa na cheti cha ubatizo cha mtoto. Aliyepoteza cheti aje vilevile, atasaidiwa. Mwisho wa kuandikisha ni Jumapili ijayo."

Anayehusika anatajwa mwanzoni kabisa ili asikie akiwa bado anasikiliza. Na ile sentensi ya cheti kilichopotea msiione ndogo. Wengi hawaji kwa sababu wanakosa kitu kimoja na wanaona aibu kusema.

---

sauti_ya_sakristia

Milele amina. Naongezea upande wa liturujia maana hapo ndipo tunapoharibu zaidi.

Maelekezo ya jumla ya Misale ya Kirumi (kitabu cha kuadhimishia Misa), namba 90 na 166, yanaweka matangazo baada ya sala baada ya Komunyo, kabla ya baraka, na yanasema yawe mafupi, tena kama yanahitajika. Namba 309 inaitunza mimbari kwa masomo, wimbo wa katikati na mbiu ya Pasaka. Homilia na nia za sala ya waamini zinaweza pia kutolewa hapo. Tangazo la basi la hija halimo. Msomaji wa matangazo apewe kipaza sauti pembeni.

Kuna sababu ya kawaida kabisa pia. Wakati huo wenye watoto wadogo wameshafunga mikoba na akili ya mtu iko mlangoni. Kanisa lenye mwangwi linataka usomaji wa taratibu, kama maneno 100 hadi 110 kwa dakika. Matangazo matatu ya maneno 50 yanakula dakika moja na nusu hivi. Matangazo kumi na mawili ya urefu huo yanakula dakika tano na nusu hadi sita, na ukimuuliza mtu pale nje atakutajia la kwanza na lile lililochekesha.

Kichujio ninachokipendekeza: linasomwa tu lile linalogusa zaidi ya nusu ya walioketi, au lile lisiloweza kusubiri. Mazoezi ya kwaya waambiwe wanakwaya. Kikao cha kamati ya ujenzi waambiwe wanakamati. Na msomaji asiongeze yake ("naomba nikazie hapo..."), kwa sababu hapo ndipo dakika mbili zinapogeuka kuwa nane.

Matangazo ya ndoa yana utaratibu wake, yafuateni kama jimbo lilivyoagiza. Hayapunguzwi maneno ili kuokoa muda.

---

Mdadisi77

Mimi neno "masoko" linanikera. Kanisa si duka. Kesho mtatuletea "ofa ya nia za Misa, lipia tatu upate ya nne".

---

Hesabu_Safi

@Mdadisi77 hofu yako ina msingi wa kisheria kabisa. Kanuni ya 947 ya Sheria za Kanisa (kanuni zote ninazotaja ni za humo) inataka hata sura tu ya biashara iepukwe kwenye sadaka za Misa, yaani zile anazotoa muumini ili Misa iadhimishwe kwa nia yake. Kanuni ya 848 inamkataza mhudumu kudai zaidi ya kilichowekwa na mamlaka halali, na inataka mhitaji asikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Bango la "vifurushi vya nia" ni kosa, hata likichorwa vizuri namna gani.

Ila usichanganye kuuza sakramenti na kumwambia mtu sakramenti ziko wapi na saa ngapi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati nzima ya vyombo vya mawasiliano, Inter Mirifica, tarehe 4 Desemba 1963, na namba 18 ya hati hiyo ndiyo iliyozaa Siku ya Upashanaji Habari Duniani, inayoadhimishwa tangu 1967. Tunachoweza kuazima kwa watu wa masoko ni kile kidogo chenye faida: kujua unasema na nani, kumwambia jambo moja, kumrahisishia hatua inayofuata, kisha kupima kama alikuja.

Sasa niingie kwenye eneo langu, michango. Ombi la mchango lina mambo manne: kazi gani, jumla yake kiasi gani, mwisho lini, na taarifa itatolewa siku gani. "Tuchangie ujenzi" halina hata moja. Kanuni ya 1267, kifungu cha 3, inasema sadaka iliyotolewa kwa lengo fulani itumike kwa lengo hilo tu. Maana yake ukisema "paa" umejifunga na paa. Basi andika toka mwanzo: "Kiasi kitakachozidi kitaingia kwenye ukarabati wa madirisha." Mstari mmoja huo unazuia ugomvi wa mwaka mzima.

Kanuni ya 1287, kifungu cha 2, inawataka wasimamizi watoe hesabu kwa waamini juu ya mali waliyoitoa. Wengi wanaisoma kama mzigo, mimi naiona ndiyo tangazo lenye nguvu kuliko yote. Bandika karatasi moja: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki, picha ya kazi ilipofikia. Parokia inayotoa hesabu ya mchango uliopita kabla ya kuomba mwingine haihitaji kupaza sauti.

Majina ya wachangiaji na viwango vyao yasibandikwe mlangoni. Mnapata fedha ya mwaka huu na kumpoteza yule mjane aliyeona sarafu yake imeandikwa chini kabisa.

Na wale wa vyama vipya vya mtandaoni: kanuni ya 216 inasema hakuna shughuli inayojiita "Katoliki" bila ridhaa ya mamlaka husika ya Kanisa. Pateni barua kabla ya kuchora nembo.

---

FundiMitambo

Nimekuja na mambo ya vyombo. Mtanisamehe kwa urefu.

Ujumbe mfupi wa simu. Bado unafika pale ambapo intaneti haifiki. Ujumbe mmoja ni herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Ukizidi, unakatwa vipande vya herufi 153 na unalipia kila kipande. Mtego unaokula bajeti kimyakimya ni kialama cha king'ong'o (kile kinachofuata "ng" kwenye ng'). Ukiandika kwenye programu ya kuandikia kisha ukanakili, kile kialama kinakuwa kimepinda badala ya kunyooka. Kilichopinda hakimo kwenye seti ya herufi za kawaida za simu, hivyo ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine wenye herufi 70 tu. Neno moja kama "ng’ambo" linaugeuza ujumbe wa herufi 150 kuwa vipande vitatu. Emoji nayo inafanya hivyohivyo. Chapa upya alama hizo moja kwa moja kwenye mfumo wa kutuma ujumbe, na angalia kaunta ya herufi kabla ya kutuma kwa watu 2,000.

WhatsApp. Watu wanatumia kundi kwa kazi ambayo si yake. Kundi ni la majadiliano, na tangazo likiingia saa 2 usiku, kufikia saa 3 limefukiwa na "Amina" 40. Chaguo ni haya. Kundi lililofungwa, viongozi tu waandike: linafaa, lakini wanakundi wanaonana namba. Orodha ya kutangazia: inabeba watu 256, kila mmoja anaupokea kama ujumbe wake binafsi, ila humfikia aliyehifadhi namba yako tu. Asiyeihifadhi hapati na wewe hutajua. Chaneli: wafuasi hawaonani namba, hakuna kujibizana, na mgeni anajiunga kwa kiungo. Kwa parokia nzima nashauri chaneli. Makundi yabaki kwa jumuiya na kwaya.

Na tangazo lisiwe picha peke yake. Picha ya bango haitafutiki, haisomwi na simu ya asiyeona, na mwenye bando dogo haifungui. Weka maneno, picha ifuate.

Msimbo wa QR kwenye bango. Upana wake uwe walau sehemu moja ya kumi ya umbali wa msomaji: akisimama mita 1, msimbo uwe sentimita 10. Acha ukingo mweupe wenye upana wa vimraba vinne vya msimbo kila upande, wasanifu wanaupunguza ili bango lipendeze na matokeo yake simu haisomi. Nyeusi juu ya nyeupe, basi. Chini yake andika kiungo kifupi au namba ya simu kwa asiyeweza kuskani. Tovuti zinazotoa misimbo ya "kubadilika" mara nyingi zinaizima muda wa majaribio ukiisha. Kwa ratiba ya kudumu tumia msimbo wa kawaida usiopitia tovuti ya mtu mwingine.

Misa mubashara. Sauti kwanza, picha baadaye. Mtu anavumilia picha hafifu, homilia yenye mwangwi anaizima. Usitegemee maiki ya simu iliyo mita 15 kutoka altareni. Chukua sauti kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) kupitia njia ya pembeni yenye kiwango chake, kwa sababu kinachotosha ndani ya kanisa hakilingani na kinachotakiwa hewani: kwaya inasikika bila maiki mle ndani, ila mtandaoni inapotea. Weka maiki mbili za kwaya zinazoenda hewani tu.

Kasi ya kupakia, si ya kupakua, ndiyo inayohesabika. Ukirusha picha ya 720p kwa megabiti 4 kwa sekunde, hakikisha una 6 hadi 8 za uhakika, na upime siku na saa ileile ya Misa, si Jumanne mchana. YouTube inahitaji kituo kiwe na wafuasi 50 ndipo urushe kwa simu, na kuwezesha urushaji kwa mara ya kwanza kunaweza kuchukua saa 24. Msigundue hilo Ijumaa Kuu.

Kamera isiwe usoni mwa wanaopokea Komunyo wala wanaolia msibani. Mahali pa kitubio pasiwe kwenye fremu kabisa.

---

Mama Karani

FundiMitambo umemaliza mitambo, acha niseme ya mezani. Mnaweza kuwa na chaneli, kituo na bango, kisha mtu akapiga simu ofisini na isipokelewe. Hapo yote yamekwisha.

Mtu anayepiga parokia kwa mara ya kwanza mara nyingi ana moja ya haya: mtoto wa kubatiza, ndoa, msiba, mgonjwa, cheti, au anataka saa za Misa. Andaeni karatasi moja kwa kila jambo, nusu ukurasa: mahitaji, hatua, muda unaochukua, wa kuonana naye. Ibandikwe ukutani kando ya simu ili yeyote aliyeko zamu atoe jibu lilelile. Maneno hayohayo ndiyo yaende kwenye tovuti.

Msiba na mgonjwa mahututi viwe na namba ya saa zote, na mwenye kuishika ajulikane wiki hadi wiki. Ukiweka namba isiyopokelewa usiku, ni heri usingeiweka.

Saa za Misa ziwe jambo la kwanza mtu analoliona, iwe kwenye tovuti, kwenye ukurasa au kwenye ramani ya Google. Historia ya parokia na picha ya jiwe la msingi vishuke chini. Ramani huwa inasahaulika, na mgeni anaifuata hiyo. Ingieni mhakiki umiliki, mrekebishe saa, na wiki ya Krismasi na ya Pasaka mjaze saa maalumu. Andikeni daima "saa 1:00 asubuhi", msiandike "saa 1" tupu. Kwenye kalenda ya simu inayosema 7:00, kagueni mara mbili, maana tofauti ya saa sita imewaleta watu kanisani mlango umefungwa.

Kisha faragha. Kanuni ya 220 inalinda jina jema na faragha ya kila mtu. Tangazo la kumwombea mgonjwa litaje jina iwapo yeye au familia wameridhia, na ugonjwa usitajwe. Kurasa za rejesta ya ubatizo au ndoa zisipigwe picha na kutumwa WhatsApp "kwa haraka". Picha za watoto: ridhaa ya mzazi kwa maandishi, ichukuliwe siku ya kuandikisha mafundisho, kwenye fomu hiyohiyo, na kisanduku cha "hapana" kiwepo kweli. Jina kamili la mtoto na picha yake visikae pamoja.

---

Mdadisi77

Haya, nimeelewa. Swali: chama chetu cha kutembelea wagonjwa tumetangaza miezi na miezi "tunahitaji watu wa kujitolea", hakuna anayekuja. Tatizo ni tangazo au ni ubaridi wa imani?

---

Mtunza_Ubao

@Mdadisi77 imani hatuwezi kuipima humu, tangazo tunaweza. "Watu wa kujitolea" ni mlango usio na mwisho. Msikilizaji anajiuliza: nitafanya nini, mara ngapi, nikichoka ninatokaje? Jibuni hayo matatu. "Tunatafuta watu wanne wa kutembelea wagonjwa wawiliwawili, Jumamosi mbili kwa mwezi, muda wa saa mbili kila mara, kwa miezi sita. Utaambatana na mzoefu mara tatu za mwanzo." Idadi inaonyesha kuna nafasi ya kujaa, na ukomo unamwondolea mtu hofu ya kunaswa maisha.

Halafu msiishie hapo. Tangazo huandaa masikio, anayemleta mtu ni mtu. Kila mwanachama amfuate mmoja kwa jina baada ya Misa, amwambie kwa nini amemfikiria yeye. Akikubali, apigiwe ndani ya saa 48. Vyama vingi vinapoteza watu hapa: fomu zinajazwa, zinakaa kwenye bahasha hadi kikao kijacho, mtu anajiona hakuhitajika.

Kwenye fomu ongezeni swali moja: "Umesikia wapi?" na visanduku vitano: matangazo ya Misa, jumuiya, WhatsApp, bango, mtu aliniambia. Baada ya miezi mitatu hesabuni. Huo ndio upimaji. Idadi ya "nimependa" kwenye ukurasa haiwaambii nani alikuja, tena wengi wao wako nje ya parokia.

---

FundiMitambo

Nimesahau kubwa: umiliki na ulinzi wa akaunti.

Ukurasa ukifunguliwa kwa namba na barua pepe ya kijana wa kujitolea, siku akihama au mkikosana, parokia haina ukurasa. Fungueni barua pepe ya ofisi, laini ya ofisi, wasimamizi wasiopungua wawili, uthibitisho wa hatua mbili. Misimbo ya akiba ichapwe, iwekwe kwenye bahasha ndani ya kabati la fedha. Paroko akihamishwa, makabidhiano yahusishe akaunti sawa na funguo za sakristia: orodha ya akaunti zote, nani ana ufikiaji, maneno ya siri yabadilishwe siku hiyo.

Paroko bandia ni hatari zaidi. Mwizi anachukua picha ya padre, anafungua akaunti kwa jina lake, anawaandikia waamini: "Mwanangu, niko kwenye kikao siwezi kupokea simu, nitumie kiasi fulani kwa haraka, nitakurudishia." Inafanya kazi kwa sababu waamini wanaona vibaya kumkatalia padre. Dawa yake ni tangazo la kudumu, lisomwe mara mbili kwa mwaka na likae juu ya chaneli: "Paroko haombi fedha kwa ujumbe binafsi. Michango hupokelewa kwa namba hizi tu, zilizobandikwa pia ofisini." Kisha paroko mwenyewe alishike, asiwahi kuomba kwa njia hiyo hata mara moja, la sivyo tangazo limekufa.

Pia yule anayekuomba "nitumie namba ya tarakimu sita iliyokuja kwako kimakosa" anataka kuiteka WhatsApp yako. Usimtumie, hata kama ujumbe umetoka kwa mwenyekiti wa jumuiya. Yeye kashatekwa tayari.

---

sauti_ya_sakristia

Tangazo likishatoka na kosa tunafanyaje? Kwenye kundi letu kila mtu anasambaza lile la zamani.

---

Mtunza_Ubao

Futa la zamani kwa wote kama muda wa kufuta haujapita. Toa jipya likianza na neno SAHIHISHO kwa herufi kubwa, taja kilichobadilika peke yake kwanza ("Semina ni saa 9 alasiri, si saa 8 mchana"), kisha rudia tangazo zima lililosahihishwa, ili anayesambaza asambaze lililokamilika. Usiandike "puuzeni ujumbe uliopita" tu, kwa sababu kwa aliyepokea kwa kusambaziwa, uliopita ni upi?

Bango la picha liwe na tarehe ya kutolewa kwa maandishi madogo pembeni, watu wajue lipi ni jipya. Ubaoni, karatasi ya zamani ing'olewe, isibandikwe juu yake nyingine, kwa maana gundi ikiachia la chini linarudi. Na weka mtu mmoja mlangoni saa ileile ya zamani, maana watakuja.